Mama mkubwa na kinasa sauti

Jamani, kama makumbusho ya historia ya eneo lenu yana siku ya kupeleka picha za familia, nendeni. Hawakunyang'anyi kitu. Wanazipiga skani mbele yako, unarudishiwa zako palepale, wao wanabaki na nakala. Kazi kubwa ni maswali: huyu nani, hapa wapi, mwaka gani, nani alipiga?

Sasa mama mkubwa! Aliketishwa mbele ya kinasa sauti, akasaini fomu ya ridhaa, akaanza kusimulia picha moja tu ya harusi. Aliyemhoji alikuwa fundi wa kunyamaza. Hata mama mkubwa alipoacha habari za harusi akaingia za ugomvi wa majirani, hakumkatiza, na humo ndimo lilipotoka jina la bibi mmoja aliyesimama nyuma ambalo ukoo mzima tulikuwa hatulijui. Mimi niliyelelewa naye nilikuwa natoa macho tu.

Pia tulifundishwa kutunza picha. Majina yaandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini, si kalamu, kwa kuwa wino hupenya upande wa pili. Zile albamu zenye kurasa za gundi huziharibu picha taratibu. Na usizitundike panapopigwa jua.

Maonyesho yenyewe? Ya kawaida, maandishi madogo mno.

Tarehe 18 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, inaadhimishwa tangu 1977, na makumbusho mengi huandaa shughuli kama hizi. Mama mkubwa ameshaanza kuchambua picha nyingine.