Mipira Isiyohesabiwa: Siku Moja ya Mrushaji wa Akiba, Uwanja wa Jingu

Saa nne asubuhi. Mechi ya jana iliisha usiku, mwili ukachelewa kupoa na usingizi ukachelewa nao, kwa hiyo mrushaji wa akiba wa besiboli ya Japani, yule anayeingia katikati ya mechi kumpokea mrushaji aliyeianza, huamka watu wa ofisini wakiwa kazini zamani. Kabla ya chai anakagua mkono: ananyoosha kiwiko, anazungusha bega, anabonyeza upande wa ndani wa kiwiko. Hapo pana kano ambayo ikichanika ni upasuaji, na zaidi ya mwaka bila mechi. Wengine wakiwa katika matibabu hayo hushushwa hadi mkataba wa wachezaji wa kulelewa, walio nje ya kikosi kamili, wale wenye namba za tarakimu tatu mgongoni.

Saa saba mchana yuko Jingu, katikati ya Tokyo, nyumbani kwa timu yake, Yakult Swallows. Kunyoosha viungo, kukimbia, kurushiana mpira, masaji, kikao cha kuwachambua wapigaji wa timu pinzani. Saa kumi na moja anakula kidogo, udon (tambi nene za Kijapani) au tonge la wali. Tumbo zito halirushi mpira.

Saa kumi na mbili jioni mechi inaanza. Mrushaji wa kuanza hupanda kichuguu, mwinuko wa kurushia mpira, takriban mara moja kwa wiki na siku yake anaijua mapema. Wa akiba hajui. Msimu una mechi 143, mapumziko kwa kawaida ni Jumatatu, na jioni zote zilizobaki anaweza kuitwa.

Katika Tokyo Dome, uwanja mwingine wa jiji hilo, warushaji wanajipasha moto ndani, hawaonekani. Jingu hakuna pa kujificha: bulupeni, mahali pa warushaji kujipasha moto, iko pembeni ya uwanja, nje tu ya mstari, na mashabiki wa viti vya chini wanasikia mpira ukigonga glavu.

Inningi ya tano, kati ya vipindi tisa vya mechi, simu kutoka benchi la makocha inalia. Mrushaji wa kuanza amechoka, wakimbiaji wawili wa wapinzani wako kwenye besi, vituo vya kuzungukia hadi kupata pointi. Mdakaji wa bulupeni anasimama, anapokea mipira mitano au sita ya taratibu. Kisha anachuchumaa. Mipira saba au nane ya kasi, halafu ile ya kupinda, halafu foku mbili tatu, mipira inayoanguka ghafla mwishoni, na ya mwisho inarushwa kana kwamba mpigaji wa mkono wa kushoto amesimama pale. Jumla ni kumi na tano hadi ishirini, kwa nguvu karibu sawa na za mechi. Bega limeiva. Uwanjani mpira unachapwa chini, auti mbili kwa mpigo (wapinzani wawili wametolewa kwa pamoja), inningi imekwisha. Simu tena: kaa.

Anavaa koti, anakaa. Hapa ndipo kazi hii inapochosha kuliko watu wanavyodhani. Msuli uliopata moto ukiachwa ukapoa hukaza, kwa hiyo kila dakika chache anasimama kurusha mipira miwili mitatu ya polepole, akiitazama mechi na kuhesabu wapigaji wanaokuja. Inningi ya saba mashabiki wa nyumbani wanainua miavuli yao midogo na kucheza, uwanja mzima umechangamka, na simu inalia tena. Kumi na tano nyingine. Yakult wanapata mikimbio mitatu, yaani pointi tatu, mpango unabadilika, anaambiwa akae. Usiku mbaya hufanya hivi mara tatu na asiitwe kabisa. Rekodi rasmi itaonyesha kwamba hakucheza, na kesho bega litauma vilevile.

Kubota Tomoyuki wa Hanshin Tigers alicheza mechi 90 mwaka 2007, rekodi ya msimu mmoja. Iwase Hitoki wa Chunichi Dragons alistaafu 2018 akiwa na mechi 1,002 na sevu 407, yaani mara alizomaliza mechi akiulinda ushindi wa timu yake. Nawaheshimu mno, lakini takwimu hizo haziingizi hata mpira mmoja wa bulupeni. Siku hizi makocha wengi wanajaribu kumpasha mtu moto mara moja tu, na wanafanya jambo la haki.

Usiku umeenda anapoitwa kweli. Marekani tangu 2020 mrushaji hulazimika kukabili wapigaji watatu au kumaliza inningi. Japani haikuichukua sheria hiyo, kwa hiyo anaweza kuletwa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Mita 18.44 mbele yake. Anagusa kidogo mfuko wa rozini, unga wa utomvu wa kusaidia vidole kushika mpira, maana unga ukizidi vidole hukauka na mpira huteleza. Foku hubanwa kati ya kidole cha shahada na cha kati, vikiwa vimetanuliwa. Inazunguka kidogo, ndiyo maana huanguka mbele ya mpigaji. Ikichoropoka kwa jasho haianguki: inabaki usawa wa mkanda, na hiyo hupigwa ikaishia jukwaani kwa mashabiki.

Auti. Barafu begani dakika kumi na tano au ishirini kwa wanaoipenda, kunyoosha tena, video, nyumbani usiku wa manane.

Akivurunda mara kadhaa huondolewa kwenye orodha ya timu ya kwanza, na akiondolewa harudi mpaka siku kumi zipite. Inauma kwa sababu msimu kamili wa kuelekea uhuru wa kuchagua timu nyingine ya Japani ni siku 145 katika orodha hiyo, na inahitajika misimu minane, au saba kwa waliosajiliwa kutoka chuo kikuu au timu za makampuni. Humo hata siku aliyopasha bega mara tatu bila kuitwa inahesabiwa.