./configure ikikataa, usikimbilie make
Kwa mnaoanza Linux hapa Nairobi na laptopu za mtumba: kabla ya kukompaili chochote (kugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa) kwenye Ubuntu, piga sudo apt update, kisha sudo apt install build-essential. gcc (kikompaili chenyewe) na make (inayoendesha hatua za kukompaili) hutoka humo.

Sasa ./configure, hati inayokuja na msimbo na kukagua kama mashine ina kila kinachohitajika, ikilia haioni zlib (maktaba ya kubana data) ilhali unayo, usiogope. Iliyopo ni ya kuendeshea programu tu; ya kuundia, yenye faili zlib.h, ni zlib1g-dev. Isakinishe, urudie ./configure. Soma mistari ya mwisho ya kosa kwa utulivu, jina la kinachokosekana huwa hapo.

RAM ikiwa GB 4, tumia make -j2, yaani kazi mbili kwa wakati mmoja. make -j bila namba huanzisha kazi bila kikomo, mashine inaganda. Kisha sudo make install kusakinisha programu.