Siku 7 Kambini na Kiti cha Magurudumu

Safari ya kambi ya majira ya joto, kwa sisi tunaotumia kiti cha magurudumu, huanza na fomu, wiki kadhaa kabla basi halijawashwa. Ya kwetu ilikuwa na kurasa 9, lakini sehemu ya "msaada unaohitajika" ilipewa mistari 2 tu. Niliambatanisha karatasi yangu. Ukiandika "nasaidiwa kuvaa", msaidizi hajajua kitu. Niliandika hivi: mkono wa kushoto uingie kwanza kwenye shati, maana ndio usiokunjuka vizuri, suruali nivalishwe nikiwa nimelala, nikigeuzwa upande mmoja kisha wa pili, soksi ivutwe mpaka isibaki na mkunjo, kwa sababu mkunjo mdogo ndani ya kiatu, ukikaa kutwa, huchubua mguu usiohisi maumivu. Msaidizi wa kambini hajawahi kukuona. Karatasi hiyo ndiyo itakayomfundisha mwili wako.

Kwa simu tuliuliza mambo 3. La kwanza, mlango wa choo ukiwa wazi kabisa unaacha nafasi ya sentimita ngapi. Chini ya 80, baadhi ya viti vya umeme huweza kukwama. La pili, kitanda kina kimo gani, maana kikilingana na kiti, mtu huhama kwa ubao wa kutelezea bila kunyanyuliwa. La tatu husahaulika sana: chini ya kitanda kuna uwazi? Mashine ya kuinulia mtu ina miguu miwili inayoingia pale chini. Kitanda chenye droo huizuia, na hapo watu huanza kubebana mikononi. Mgongo wa msaidizi huumia, na anayebebwa huweza kuanguka.

Dawa tulifunga za siku 10 kwa kambi ya siku 7, kila moja kwenye pakiti yake yenye jina la mgonjwa na kipimo. Mwenzetu mmoja alizipanga kwenye kiboksi cha siku za wiki, na muuguzi wa kambi akazikataa. Alikuwa na haki: kidonge kilichotolewa kwenye pakiti hakina jina. Simu za kutafuta cheti kipya cha dawa zilichukua nusu siku.

Ndani ya basi, kila kiti kilifungwa kwa mikanda 4, miwili mbele na miwili nyuma, yote kwenye fremu. Usikubali ifungwe kwenye gurudumu, wala kwenye sehemu ya kuwekea miguu, kwa kuwa hivyo hung'oka. Mkanda wa mtu ni wa tano, nao ni tofauti na ile ya kiti. Kila nusu saa tuliinama mbele, kifua kikielekea magotini, dakika 2 hivi, ili damu ipite kwenye makalio.

Barabara ilipanda mlima, na hapo ndipo mto wa hewa ninaokalia ulipobadilika. Kadiri unavyopanda, hewa ya nje hupungua mgandamizo, na ile iliyo ndani ya mto hutanuka. Mto ukawa mgumu kama mpira, ukinisukuma juu mpaka kiuno kikayumba kwenye kona. Dawa yake ni kuingiza mkono kati ya mto na mfupa wa kalio ulioshuka zaidi, kisha kufungua valvu kidogo kidogo mpaka ibaki sentimita 2 hivi ya hewa chini ya mfupa. Vidole viweze kucheza kidogo tu. Tulisimama mara mbili kwa kazi hiyo.

Kambini, kizingiti cha bweni kilikuwa na kimo cha sentimita 15, na mbele yake pamewekwa ubao wa mita 1. Hesabu ya rampu, yaani ubao wa mteremko wa kupandishia kiti, ni 1 ya kimo kwa 12 za urefu: sentimita 15 zinadai ubao wa sentimita 180. Kwa ubao mfupi, kiti huweza kuinua magurudumu ya mbele na kuangukia nyuma. Ubao mrefu ulipatikana kabla ya jua kuzama.

Usiku wa kwanza ndio unaopima kambi. Bweni la watu 8 lilikuwa na soketi 2, na kiti cha umeme huhitaji saa 8 hivi kujaa chaji, hivyo ekstensheni tuliyobeba ilifanya kazi kubwa. Kwa ajili ya nafasi, ilitakiwa viti visogezwe ukutani. Tulikataa. Kiti kikiwa mbali, mwenye nacho amefungwa kitandani. Kengele ya kuita ilifungwa kwa kamba kwenye reli ya kitanda, upande wa mkono wenye nguvu. Kwa wasioona, kamba ilitandazwa kimo cha kiuno kutoka bwenini hadi chooni. Kwenye moto wa kambi usiku, mkalimani wa lugha ya alama alikaa pale mwanga ulipompiga usoni na mikononi. Akiupa moto mgongo, viziwi huona kivuli tu.

Mchana adui ni joto. Mwenye jeraha la juu la uti wa mgongo hatoki jasho sehemu zilizo chini ya jeraha, kwa hiyo mwili haupoi. Chupa ya kupulizia maji na kitambaa chenye maji shingoni hutangulia kila mchezo. Mtu huyo ana hatari nyingine: kichwa kikianza kugonga ghafla na jasho likatoka usoni tu, akalishwe wima upesi, nguo zilegezwe, na katheta, yaani mpira wa kutolea mkojo, ikaguliwe: mara nyingi umepinda, kibofu kimejaa na presha inapanda. Isiposhuka, daktari aitwe mara moja. Bwawani, mwenye kifafa awe na mtu wake mmoja asiyeondoa macho, na asiyehisi miguu avae soksi, maana sakafu ya bwawa huchuna ngozi bila yeye kujua.

Jioni mazungumzo yalikuwa marefu, na hayo ndiyo yanayonifanya nizipende kambi hizi kwa moyo wote. Kambi ya Camp Jened ya watu wenye ulemavu, huko New York, Marekani, ilifunguliwa mwaka 1951. Judith Heumann, mtetezi wa haki aliyetumia kiti cha magurudumu, alipita pale akiwa kijana, na mwaka 1977 alikuwa miongoni mwa walioongoza watu wenye ulemavu kukalia jengo la serikali San Francisco kwa zaidi ya wiki 3, wakidai haki zao.

Siku ya 7 ngozi zilikaguliwa kwa kioo, makalio na visigino, kisha dawa zilizobaki zikahesabiwa. Basi liliposhuka mlima, mto wangu ulianza kulegea: ile hewa niliyoitoa juu sasa ilihitajika. Anayesahau hapa hukalia mfupa mpaka nyumbani, na kidonda hutokea siku kadhaa baadaye asijue kimetoka wapi. Tulisimama, pampu ikatolewa, mkono ukaingia chini ya mfupa. Sentimita 2. Tukaendelea.