Maumivu ya marehemu nayo yana ushahidi

Jamani, mtu akifa ajalini kwenye hii barabara yetu ya kwenda Morogoro, familia nyingi zinadai hela ya mazishi na kipato alichokuwa analeta nyumbani, ni sawa kabisa, Sura ya 310 ya sheria za Tanzania, ile ya madai ya vifo vya ajali, inawaruhusu wategemezi kudai, ila yale masaa aliyoteseka kabla hajakata roho yanaachwa hivihivi. Na msimamizi wa mirathi anaweza kuyadai pia.

Sasa hapo ndo daktari anaingia. Swali kubwa mahakamani ni kama marehemu alikuwa na fahamu, maana aliyezimia palepale na hakuamka tena ni ngumu kusema alisikia maumivu. Daktari anachukua faili la wodini anasoma mstari kwa mstari: mfano marehemu alipima 13 kati ya 15 kwenye kipimo cha fahamu kile cha Glasgow (15 ni fahamu kamili), alijibu jina lake, nesi kaandika saa nane usiku "analalamika maumivu ya kifua", akachomwa mofini, ile dawa kali ya maumivu. Hayo maneno machache ya nesi yana uzito kuliko ndugu kumi wakilia kizimbani, naamini hivyo kabisa. Aliyeungua je? Masizi yakikutwa ndani ya koo yanaonyesha alikuwa bado anapumua moto ukiwaka.

Kwa hiyo msikimbilie kuzika bila uchunguzi wa mwili, na PF3 (ile fomu ya polisi ya majeruhi) pamoja na nakala ya faili muombe mapema, wakili akizitaka ziwepo.