Jinsi nilivyotatua tatizo la "e" isiyosomwa

Wanafunzi wangu hapa Ujiji, Kigoma, walikuwa wakisoma maneno ya Kiingereza make kama "ma-ke" na bike kama "bi-ke". Si uzembe: Kiswahili kimewazoesha kwamba kila herufi iliyoandikwa husomwa.

Kuwaambia "e hii ni bubu" hakukusaidia, maana hawakuiona kazi yake. Basi nikakata vipande vya boksi, nikaandika cap na kit, kisha mwishoni nikaacha sehemu ya kukunja yenye e. Ikikunjwa, mtoto anasoma kit, ikifunguliwa, kite. Anasikia mwenyewe ile i ikianza kutamka jina lake la alfabeti ya Kiingereza, "ai". E yenyewe haisikiki, ila ndiyo inayoibadilisha irabu iliyotangulia. Macho yaliwang'aa!

Zilipokaa vizuri a na i, nikaongeza hop na cub. Maneno kama have na give, ambayo e yake haibadilishi irabu, niliyatenga kwenye bango lake: Kiingereza kwa kawaida hakimalizi neno kwa v, ndiyo maana e ipo pale. Come na some wanayakariri tu. Sasa wakikutana na neno geni, wanachungulia mwisho kwanza.