Goti la Ami

Jana jioni, tukiwa ukumbini tunachambua karafuu, mtoto wa kaka yangu, ambaye amefaulu sayansi na sasa anachagua chuo, aliniuliza: "Shangazi, kwa nini ulisomea tiba ya mazoezi na hukusomea udaktari?" Makonyo yalikuwa bado mengi, nikamjibu kwa ufupi. Jibu kamili ni goti la Ami, ndugu wa baba yangu.

Msimu ule tawi lilimkatikia juu ya mti, kwani mkarafuu hauna simile, akaanguka na kuvunjika mfupa wa paja. Mimi nilikuwa nimemaliza skuli sina la kufanya, nikapewa kazi ya kumuuguza hospitalini. Mguu ulifungwa uzito wa kuuvuta, akalala chali wiki baada ya wiki mpaka mfupa ukaunga, lakini ulipofunguliwa goti likawa halikunjiki. Kila aliyekuja kumzuru alikuja na shauri lake: huyu akitaka akandwe kwa mafuta ya moto, yule akitaka washikwe vijana wawili wamkunje kwa nguvu.

Asubuhi moja akaja mwanamke ambaye wodini wakimwita daktari wa mazoezi. Alivuta kigoda, akakaa, na kabla ya kuugusa mguu akauliza: "Mzee wangu, mguu huu ukipata nafuu, unataka ukufanyie nini?" Ami alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Nataka nikae attahiyatu," yaani kile kikao cha kwenye swala cha kukunja magoti na kukalia kisigino. Sikuwahi kumsikia mtu akimuuliza swali lile, na wala sikujua kwamba muda wote aliokuwa ameyakodolea macho mapaa ya wodi alikuwa akiliwaza hilo.

Yule bibi alitueleza kwamba msuli wa paja ulikuwa umegandana na pale mfupa ulipounga, na kwamba kuukunja kwa nguvu kungeweza kuchana nyama au kuuvunja mfupa upya. Akaweka ubao laini chini ya mguu, akafunika kisigino kwa kitambaa ili kiteleze, akamwambia Ami akivute mwenyewe. Niliiona pia ya goti ikitetemeka chini ya ngozi, jasho likimtoka Ami kwenye paji la uso, na kisigino kikasogea upana wa vidole viwili. Hapo akatoa kipimapembe chenye mikono miwili, akauelekeza mmoja kwenye nyonga na wa pili kwenye kifundo cha mguu, akasoma nyuzi na kuziandika. Kisha akanishika mkono, akauweka juu ya paja ili niuhisi msuli unavyokaza na kulegea, akasema: "Wewe ndiye utakayemsimamia nyumbani."

Mengine yalikwenda haraka. Nilimsimamia, nikaomba chuo, nikapanda meli bandari ya Mkoani, Pemba, na hatimaye nikafika Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, nilikosomea fiziotherapia, yaani hiyo tiba ya mazoezi. Huko nilijifunza kwamba kutembea kunataka goti likunjike kiasi cha nyuzi 60, kunyanyuka kitini takriban 90, na kukalia kisigino zaidi ya 130. Niliporudi Pemba nilimpima Ami mwenyewe: goti lilikuwa limepita 90 kidogo, na halikuongezeka tena. Aliswali juu ya kiti mpaka alipofariki.

Hata hivyo kila mgonjwa wangu namuuliza swali lile. Mmoja hutaka apande dau, mwengine akalie mbuzi akune nazi, na aliyepatwa na kiharusi hutaka ashike tonge kwa mkono wa kulia. Bila ya kujua hilo, naona mazoezi yangu yanakuwa ni kuwavutavuta watu viungo tu. Lakini swali hilo linampa mtu tamaa, na tamaa nyengine najua mapema kwamba mwili hautazifikia.

Niliwahi kumuuliza Ami iwapo angependelea asiulizwe. Alisema mguu unamfikisha msikitini bila ya kubebwa, na mambo ya kiti ni baina yake na Mola wake. Sijui bado kama alikuwa ameridhika, au alinionea huruma mimi niliyekuwa nimeshaishika kazi hii.