Mpini wa mpingo au wa mninga? Ninavyochagua

Natengeneza visu kwa mkono hapa Dar es Salaam, mabapa nayafua kutoka springi za magari chakavu. Chuma hakinisumbui sana. Kinachonila muda ni mpini, kwa sababu wateja karibu wote wanakuja na neno moja mdomoni: mpingo.

Siwalaumu. Mpingo ukiupiga msasa laini unang'aa wenyewe bila vanishi, mweusi wenye urujuani kwa mbali ukiushika juani. Ni mti ulioshikana, haunywi maji ovyo, ndiyo maana unatengenezewa klarineti. Ila ni mzito mno. Kitupe kipande ndani ya ndoo ya maji, kinazama. Ukiupachika mpini mnene wa mpingo kwenye kisu chembamba cha jikoni, uzito wote unarudi kiganjani na ncha inakosa nguvu. Kwa hiyo mpingo nauweka kwenye mpini mwembamba, au kwenye bapa pana lenye uzito wa kushindana nao.

Vipande nanunua kwa wachongaji wa vinyago wa Mwenge, vile vilivyo vidogo kwao lakini kwangu vinatosha. Hapo lazima uwe macho. Kuna mti mweupe unaopakwa dawa ya viatu ukauzwa kwa jina la mpingo. Mimi natembea na tupa mfukoni: nakwangua kichwani mwa kipande, ndani kukiwa kweupe nakirudisha na kuendelea na safari. Japo weupe wenyewe si kosa siku zote. Mpingo halali una tabaka la nje la rangi ya maziwa, na kulibakiza kidogo ubavuni mwa mpini kunapendeza, mradi kuwe kugumu na pasiwe na matundu ya wadudu.

Nikishanunua sikimbilii kukata. Mpingo mbichi hupasuka kuanzia kichwani, kwa hiyo nayeyusha mshumaa, nachovya ncha zote mbili, halafu naviweka vipande kivulini palipo na upepo. Kila baada ya muda napima kimoja kimoja kwenye mizani ya jikoni na kuandika uzito kwa chaki palepale kwenye mti. Uzito ukigoma kushuka, hapo ndipo kipande kimekauka. Wapo wanaokausha juani ili wawahi. Visu vyao nimeviona, na nyufa zake.

Tena kukauka kwa Dar si kukauka kwa Dodoma. Hewa ya pwani ina unyevu, ya kule ni kavu. Mpini uliolingana sawasawa na msuka (mkia wa bapa unaoshika mpini) hapa, ukifika kule unasinyaa kidogo na ukingo wa chuma unachomoza, unakukwaruza vidole. Ndiyo sababu siku hizi mteja wa bara namshauri achukue mninga. Una rangi ya kahawia yenye michirizi ya dhahabu, ni mwepesi, na hausinyai wala kuvimba kirahisi. Maseremala hawaupendi bure. Kwa visu virefu vya jikoni ndio chaguo langu la kwanza, hata kwangu nyumbani.

Kwenye kazi yenyewe, mpingo una mafuta, gundi haishiki mpaka uufute kwa asetoni kwanza. Tundu la pini toboa polepole ukipumzisha kekee, maana joto linapasua. Pini za shaba nazigandisha kwa gundi tu, sizigongi kwa nyundo. Na barakoa usiiache: vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua.

Mteja akitaka kupeleka kisu nje ya nchi namweleza mapema. Tangu Januari 2017 jamii yote ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Masharti yalilegezwa 2019 kwa bidhaa zilizokamilika zenye mti usiozidi kilo 10 kwa mzigo, lakini namwambia aulize kwanza huku kwetu na kule kisu kinakokwenda. Mimi naweka risiti za kila kipande.

Muuza supu mmoja aliniomba mpini wa mpingo kwa kisu kinachoshinda ndani ya beseni la maji ya moto. Nilimwambia akanunue cha plastiki.